Hakuna Anayemjua Sidonie

Lile koti lilikuwa zito kama mtoto wa miaka mitatu aliyelala, na Sidonie alilinunua mwezi wa sita, siku ambayo nusu ya Brussels ilikuwa imetoka nje na mikono wazi kuota jua. Lilikuwa koti la kiume, jeusi, lenye manyoya bandia mpaka ndani ya kofia. Alilipata kwenye mitumba kule Marolles, akalijaribu palepale, akalowa jasho, na muuzaji akamwuliza kwa upole kama anajisikia vizuri. Sidonie alijisikia vizuri sana. Alikuwa anakwenda Kanada.

Kusema "anakwenda" ni kutia chumvi kidogo, kwa maana alikuwa bado hajakubaliwa. Lakini roho yake ilikuwa imeshatangulia, imeshashuka kwenye ndege na kukanyaga theluji, na kilichobaki Brussels ni mwili tu wa kupanda tramu kila asubuhi kwenda kazini Uccle.

Kazi yenyewe ilikuwa katika nyumba ya wazee, yenye bustani nzuri na wazee wenye adabu zao na wasio na adabu. Sidonie alisukuma viti vya magurudumu, akatandika vitanda, akakunja shuka, akaitwa "msichana" na umri wake umeshapita miaka thelathini na tano. Huko kwao Likasi, Zaïre, alikuwa muuguzi. Alizalisha, alishona vidonda, aliamrisha madaktari vijana kunawa mikono, na simu ya wodini ilipolia aliinyakua na kusema cheo chake cha uuguzi na jina lake lote, "Infirmière Sidonie Kalenga!", kwa sauti ya mtu anayejua kwa nini ametafutwa. Ubelgiji ilikuwa imeitazama diploma yake, ikaisifu kwa muhuri wake mzuri, ikamrudishia. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita muuguzi, na kilichomuuma zaidi ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameanza kulizoea jambo hilo.

Ndipo akaona tangazo kwenye jarida la kanisa lililosahauliwa sebuleni mwa wazee. Kijiji cha Butte-aux-Oies, huko Kanada, katika prairie za Saskatchewan, watu wake wanasema Kifaransa, wana hospitali ndogo na hawana muuguzi. Aliyesomea nchi nyingine anakaribishwa, atapewa mafunzo ya miezi kadhaa na mtihani. Sidonie alisoma tangazo lile akiwa amesimama, na mzee aliyekuwa akimsubiri na kiti chake alilazimika kumgonga kwa fimbo.

Alipiga simu akiwa kwenye duka la simu, pale karibu na uwanja wa mtaa wake, Saint-Josse. Aliyepokea alikuwa bwana mmoja Lucien, mkulima wa ngano na mwenyekiti wa baraza la hospitali, mwenye sauti kubwa ya mtu aliyezoea kushindana na trekta. Walipatana mara moja. Baada ya mazungumzo machache Lucien akamwambia kwamba wamebaki wawili, yeye na bwana mmoja kutoka Ufaransa, na baraza litaamua Jumamosi adhuhuri. Kilichobaki ni namba za simu za watu wawili wanaomfahamu vizuri, ili awaulize habari zake.

Sidonie akampa namba ya Latifa, na namba ya tonton Désiré. Na hakumwambia Latifa wala tonton Désiré.

Usimwone mjinga. Kwetu safari haitangazwi. Utaitangaza ukiwa umekaa kwenye ndege na mkanda umeufunga, na hata hapo ni afadhali uwaambie kwa kunong'ona. Pale Saint-Josse kila mtu alimjua Joël, aliyewaaga watu kwa sherehe kubwa kwamba anahamia Marekani, akagawa godoro, sufuria na televisheni, kisha viza ikakataliwa, akalala sakafuni mpaka masika. Mpaka leo anaitwa Joël Amerika. Sidonie hakutaka kuitwa Sidonie Kanada. Isitoshe, alijiambia, watu wale wawili wakiulizwa habari zangu watasema nini zaidi ya sifa?

Sasa nikueleze watu wenyewe. Latifa alikuwa Mrundi wa Buyenzi, Bujumbura, mama mwenye duka la unga wa muhogo, mawese na samaki wakavu, na Sidonie alipanga chumba juu ya duka hilo. Walikuwa chanda na pete. Tonton Désiré alikuwa ndugu wa mama yake Sidonie, mzee wa Evere, kitongoji cha Brussels, aliyewahi kuwa muuguzi mkuu Likasi na ndiye aliyemfundisha kazi. Hapa Ubelgiji alilinda maegesho ya magari, na kila Jumamosi alishuka Saint-Josse kunywa chai ya Latifa na kulalamika kwamba si bia.

Latifa ana macho. Aliliona koti la baridi kali likipandishwa ngazi katikati ya joto. Alimwona Sidonie akitoka kwenda kupiga simu nje, na hasemi anampigia nani. Alimsikia akicheka peke yake chumbani, halafu akinyamaza ghafla. Akajumlisha, akapata jibu moja tu: mtoto wa watu anatafutwa na wakubwa, na anajiandaa kukimbia. Akampigia tonton Désiré kwa siri, na tonton akasema, "Bon. Tutamufunika."

Siku ya Jumamosi Sidonie alishuka dukani akiwa mwepesi kama karatasi. Adhuhuri ya Saskatchewan ni jioni ya Brussels, na jua la Juni lilikuwa bado linapiga kwenye magunia. Aliimba, akapanga makopo ya nyanya yaliyokuwa yameshapangwa, akambusu Latifa shavuni bila sababu. Tonton Désiré alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha plastiki, chai mkononi, akimtazama kwa huruma.

"Sidonie, mwanangu," akasema, "weye usiogope kintu. Ile mambo nimeshaimaliza."

"Mambo gani, tonton?"

"Ile muntu mwenye kukutafuta. Alipiga simu kwangu. Kifaransa ya ajabu-ajabu, ya bazungu ba zamani! Aniuliza, 'Bwana, unamujua Sidonie Kalenga?' Minamuambia, 'Ah, yule? Alirudi Zaïre kitambo sana. Sijue hata kama eko muzima.' Akasema asanti, akakata." Tonton akanywa chai kwa fahari. "Alors. Harudi tena yule."

"Na kwangu alianza!" Latifa akadakia, hakutaka sifa zote ziende Evere. "Nilimwambia connais pas, simjui. Akarudia jina polepole, kama mimi ni kiziwi. Nikamwambia, monsieur, hapa ni duka la samaki, huyo Sidonie ni samaki gani?"

Wakacheka wote wawili mpaka kiti cha plastiki kikalia. Sidonie akakaa juu ya gunia la mchele. Mdomo ulifunguka, na kilichotoka kilikuwa kicheko kirefu chembamba, kile kicheko ambacho ukikiacha kiendelee kitageuka kilio, na kweli kiligeuka. Latifa akaacha kucheka. Tonton akaweka chai chini.

"Yule," Sidonie akasema alipopata pumzi, "ni bwana wa hospitali. Ya Kanada. Alitaka kujua kama mimi ni muuguzi mzuri. Wanaamua leo, tonton. Sasa hivi."

Tonton akavua kofia yake.

"Mon Dieu," tonton akasema. "Nimemuua muntu mwenye kutafuta kazi."

Lazima uelewe kwamba hawakufanya ubaya. Mtaani kwao, sauti isiyojulikana ikimwulizia mtu kwa jina lake kamili, hakuna anayemjua. Inaweza kuwa commune, yaani manispaa, inaweza kuwa polisi wa mtaa anayehakiki anwani, inaweza kuwa mume aliyeachwa. Karatasi za Sidonie zilikuwa safi kabisa, lakini hayo si ya kuuliza. Unakana kwanza, halafu ndiyo unamwuliza mwenyewe ana shida gani. Watoto hufundishwa hivyo kabla hawajajua kufunga kamba za viatu, na mtu asiyekukana kwenye simu si rafiki yako.

Latifa ndiye aliyezinduka kwanza, na alizinduka kwa hasira.

"Kanada? Unahamia Kanada na mimi sijui?"

"Safari haitangazwi! Si wewe uliyenifundisha?"

"Nilikufundisha uwafiche wengine! Mimi ni wengine?"

"Latifa, ningekwambia kwenye ndege..."

"Ningekuwa ndani ya hiyo ndege mimi? Tena na koti lile! Wiki nzima silali, nakuombea kwa Mungu wasikukamate!"

"Ba-maman," tonton akasema akivaa kofia, "tutagombana njiani."

Simu ya dukani ilipokea kutoka kokote duniani lakini haikupiga nje ya Ubelgiji. Latifa aliifunga hivyo makusudi, kwa kuwajua wateja wake. Kwa hiyo wakafunga duka na kukimbilia duka la simu, Latifa mbele ameshika sketi, Sidonie katikati, tonton nyuma na fungu la sombe, yale majani ya muhogo, mkononi, maana alikuwa ameshalilipia na hakutaka kuliacha. Watu waliokaa nje ya mikahawa waliwapisha. Mmoja akauliza kama kuna moto.

Kibanda cha simu kilijengwa kwa mtu mmoja mwembamba. Waliingia wote watatu. Kioo kikapata ukungu papo hapo, na Sidonie, uso umebanwa kwenye sombe, akabonyeza namba kwa kukumbuka tu. Kule mbali simu ikaita, ikaita, halafu ile sauti ya trekta ikasema allô. Lucien alikuwa mlangoni, ameshavaa tai, anatoka kwenda barazani. Sidonie akafungua mdomo aeleze, lakini tonton alikuwa ameshamnyang'anya simu.

"Monsieur Lucien," akaanza kwa Kifaransa chake cha shule ya wamisionari, akajinyoosha kadiri kibanda kilivyomruhusu, "mimi ni Désiré wa Evere. Nilikwambia Sidonie alirudi Zaïre. Hakurudi. Yuko hapa, amenikanyaga mguu."

Kule mbali mlango ukafungwa tena.

"Bwana," Lucien akasema, "nikuamini lini? Siku ile au leo?"

"Leo. Siku ile nilikudanganya vizuri. Leo nitasema kweli, hata kama nitaisema vibaya." Tonton akaisogeza simu mdomoni. "Huyu mimi ndiye niliyemfundisha kuchoma sindano. Alianzia kwenye papai, na alimwomba papai samahani. Mwaka wa surua wodi ilijaa mpaka tukalaza watoto chini. Wengine waliugua, wengine walikimbia, yeye alibaki. Alikuwa anawaimbia akiwapa dawa. Hana sauti kabisa, monsieur. Watoto walikunywa dawa upesi ili anyamaze. Na walipona, wengi sana walipona." Akajifuta uso kwa kofia. "Ni muuguzi. Hapa Ubelgiji tumeacha kulisema neno hilo, hata mimi mjomba wake. Naona haya. Ni muuguzi."

Sidonie alikuwa analia waziwazi sasa, na furaha ilikuwa ndani ya kilio hicho hata kabla ya jibu lolote, kwa sababu mzee huyu hakuwahi kumsifu maishani mwake isipokuwa kwa kusema "si mbaya".

"Lakini kwa nini mlinidanganya?" Lucien akauliza. Sauti yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu anayetaka kujua.

Latifa akachukua simu kwa nguvu.

"Kwa sababu uliuliza! Mimi ni yule wa samaki. Sikiliza, monsieur. Nilikotoka mimi, watu walikuja mlangoni wakiuliza jina la mtu, kwa adabu, kama wewe. Jirani yangu akajibu, kwa adabu. Tangu hapo mimi sijibu. Huyu Sidonie ni wangu. Ukinipigia hata kesho bila kunieleza unamtakia nini, nitakwambia tena simjui!"

Sidonie akafumba macho. Kanada ilikuwa imekwisha, aliiona kabisa ikikunjwa kama shuka.

Lucien akakohoa. "Nimekusikia, mama," akasema taratibu. "Nitawaeleza wenzangu vile vile ulivyosema. Siahidi kitu. Barazani tuko wanane, mwenye sauti ni mke wangu, na mke wangu hapendi waongo. Kaeni karibu na simu ya samaki."

Wakarudi dukani bila kukimbia. Latifa akafungua mlango, akaivuta simu mpaka katikati ya meza, akaifuta vumbi kama anamwandaa bibi harusi. Wakakaa wakiitazama.

Ikalia! Wote wakaruka. Alikuwa mama mmoja wa Schaerbeek anauliza kama dagaa wamefika. "Hakuna dagaa!" Latifa akapiga kelele mbele ya magunia mawili ya dagaa. "Hakuna kitu! Funga simu!"

"Leta ile koti," tonton akasema ili kupoteza muda, "tuione."

Sidonie akapanda juu, akashuka nalo, akalivaa. Lilimfika kwenye vifundo vya miguu, na mikono ilipotelea ndani. Latifa akamzunguka, akamvisha kofia, akamtazama kwa makini, kisha akaanza kucheka. Alicheka taratibu kwanza, halafu akashika meza. Tonton akafuata, na mwisho Sidonie mwenyewe ndani ya manyoya, jasho linamtiririka mgongoni, wakacheka mpaka mbavu zikauma, hasira na hofu yote ikamiminikia huko.

"Na huko kukoje?" Latifa akauliza akijifuta macho. "Hiyo prairie ni nini?"

"Nyika. Nyasi na ngano, tambarare mpaka macho yanachoka. Lucien anasema hakuna kilima hata kimoja."

Tonton akawaza. "Sasa bantu banajifichaka wapi?"

"Hawajifichi, tonton."

"Kabisa?"

"Kabisa. Anasema kila mtu anamjua kila mtu, na milango haifungwi."

Latifa akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. "Maskini," akasema. "Utawafundisha."

Simu ikalia. Latifa aliinyakua kwanza, kwa sababu duka lilikuwa lake na mkono wake ulikuwa umezoea. Sauti haikuwa ya Lucien. Ilikuwa ya mwanamke, kavu, ya haraka, ya kiofisi, na iliuliza kama hapo anapatikana mtu anayeitwa Sidonie Kalenga.

Mdomo wa Latifa ukajiendea wenyewe.

"Connais p..."

Kikombe cha tonton kikaanguka sakafuni kikavunjika. Latifa akajiziba mdomo kwa kiganja, akakitoa, akapaza sauti kiasi kwamba simu haikuhitajika tena, Kanada ingemsikia hivi hivi:

"Namjua! Ndiyo, namjua! Ni muuguzi! Ni muuguzi wetu! Wewe ni nani, na unamtaka wa nini?"

Ile sauti kavu ikacheka. Alikuwa mke wa Lucien. Yule bwana wa Ufaransa, akasema, watu wake walimsifu mpaka wakachoka, bila hata kuuliza anayeuliza ni nani. Yeye barazani amewaambia wenzake kwamba mtu anayefichwa namna hiyo na watu wake lazima ni wa thamani, na ni heri wamchukue haraka kabla hawajamficha zaidi. Wanaume walisitasita, akawatazama, wakakubali.

"Unaniuliza ninamtaka wa nini," akasema. "Nina hospitali, mama. Namtaka."

Latifa akashusha simu kifuani. Machozi yalikuwa yameshafika kidevuni na hakuyafuta.

"Sidonie," akasema, "wanakutaka." Kisha, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia dukani mle, "Na mimi ndiye niliyesema unajulikana."

Sidonie akatoka ndani ya koti, maana mkono haukupatikana kwa njia nyingine. Akashika simu. Alikuwa amewaza mengi ya kusema, shukrani na maelezo na samahani, lakini mgongo ulijinyoosha wenyewe, na sauti iliyotoka ilikuwa ile ya Likasi, ya wodini, ambayo tonton Désiré aliitambua hata akalazimika kugeukia magunia ya dagaa.

"Infirmière Sidonie Kalenga!"

Mke wa Lucien akasema ni vizuri, ndivyo apendavyo yeye mtu apokee simu. Akasema kuna mambo ya mtihani na tiketi na karatasi nyingi, zitatumwa kwa posta wiki ijayo. Anaomba anwani.

Latifa akamvuta gauni kutoka nyuma. "Usimwambie unakaa wapi," akanong'ona, kwa mazoea tu.

Sidonie akamshika mkono ule, akaubana. Kisha, kwa sauti ya kusikika mpaka nje barabarani, akataja mtaa, akataja namba ya mlango, akataja ghorofa na kengele ya kubonyeza, na alipomaliza akairudia yote tangu mwanzo, polepole, ili wasipotee.